Kenta la Ndizi na Gogo la Mavuno

Watu wakisikia mimi ni fundi wa injini za dizeli Ngarenaro, swali la kwanza huwa lile lile: gari langu nitalipaje nguvu bila kufilisika? Nimelijibu mara nyingi mno, na ukiniuliza siku nimeamka vibaya utajibiwa kwa ukali. Nina hasira za karibu, mke wangu ni shahidi. Lakini yupo mteja mmoja niliyemjibu kwa adabu, na jibu lenyewe tukalitafuta pamoja kwa miezi kadhaa, tukiwa tumeinamia kenta moja, lori dogo kuukuu lenye rangi ya bluu iliyopauka.

Alikuwa mzee wa Kimeru, mkulima wa kahawa na migomba. Ukiwa barabara kuu unatoka mjini, pale Maji ya Chai unakata kushoto, unapanda mlima mpaka masikio yanaziba. Huko ndiko kwake. Baba yangu ndiye aliyekuwa akimtengenezea kenta hilo, na baba alipofariki mzee akaendelea kuja gerejini kana kwamba sisi na gereji ni sehemu ya gari. Siku ya soko alishuka na mikungu yake asubuhi, akapita kwangu kwanza, akanisikilizisha injini, ndipo akaenda kuuza. Mkungu mmoja ulibaki kwetu kila mara. Ukikataa ananuna.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba fundi. Leo linakohoa upande wa mbele."

Na kweli, ungekuta silinda ya upande huo ndiyo yenye tatizo. Alilijua gari lake kwa sauti.

Alikuwa na jambo moja lililoniudhi miaka mingi. Hakuruhusu mtu akae kiti cha abiria. Juu ya kiti hicho aliweka jeki na dumu la maji, na ukitaka lifti unapanda nyuma, juu ya ndizi. Mimi fundi wake, mtoto wa fundi wake, nilipanda nyuma. Na siku nikitaka kuliendesha mwenyewe ili nilijaribu, yeye ndiye aliyepanda nyuma, ameshika kofia yake isipeperuke, na watu wa Ngarenaro wakanicheka kwamba nimempakia mzee wa watu kama gunia. Nilidhani ni ukaidi wa uzeeni tu.

Sasa, huko kwao kuna sikukuu ya mavuno. Washarika wanapeleka kanisani walichojaliwa, ndizi, kahawa, mahindi, kuku, na baada ya ibada vinanadiwa. Hayo yapo sehemu nyingi. Lakini usharika wa mzee una mchezo wake wa jioni, kuvuta gogo. Unaangushwa mkaratusi mmoja mnene, gogo linawekwa chini kabisa ya uwanja wa kanisa, na wenye malori, mmoja baada ya mwingine, wanalifunga mnyororo kulivuta kupanda mpaka kwenye mstari wa chokaa, karibu na mahali pa kupasulia mbao. Likifika mstarini linarudishwa chini kwa ajili ya mwingine, na mchezo ukiisha linapasuliwa mabenchi. Kila gari linaruhusiwa kujaribu mara mbili. Anayefika anapata mnofu wa mbuzi na heshima. Asiyefika anapata kicheko, na kicheko cha majirani kule mlimani kinadumu mpaka mavuno mengine.

Kenta la mzee halikuwahi kufika. Kila mwaka lilitoa moshi mweusi, likatetemeka, likazima katikati ya uwanja. Majirani wakalibandika jina la Jiko la Kuni. Mzee alicheka nao, ila mimi nilimjua. Alikuwa anacheka kwa meno tu.

Mwaka juzi, masika yalipoanza kupungua, alinialika kwake kula loshoro, kile chakula cha mahindi na maziwa ya mgando. Mkewe ndiye aliyetuandalia. Ni mama mfupi, mpana, mwenye maneno machache na yote yana makali. Alitugawia mabakuli, akabaki amesimama, mikono kiunoni.

"Fundi, wewe utakuwa shahidi," akasema. "Mwaka huu hilo gari likishindwa tena kwenye gogo, linauzwa chuma chakavu. Nataka ng'ombe wa maziwa mahali linapolala. Likifika mstarini, sitalisema tena mpaka naingia kaburini."

Nilimtazama mzee, nikitegemea atajitetea. Alikoroga loshoro lake polepole.

"Sawa, mama," akasema.

Wakiwa wameshakubaliana hivyo, wale wawili hawarudi nyuma, hilo nililijua tangu utoto. Kwa hiyo tuliposhuka mjini wiki ile, tulikuwa na kazi, na mfuko wa mkulima wa kahawa, ambao unajaa kwa msimu na kukauka kwa msimu.

Jirani yangu mwenye gereji ya pili alikuja kutazama, mikono mfukoni. "Fungeni turbo," akasema. "Feni moja tu ya kusukumia hewa, na mzee atavuta hata kanisa lenyewe."

Nilimrushia tambara la kufutia oili. Injini ile ilitengenezwa kuvuta pumzi yake yenyewe. Ukiilazimisha pumzi ya mtu mwingine, gasketi inaungua, zinafuata pistoni, na mzee anarudi kwao na kiroba cha vyuma. Nguvu ya bei nafuu haiko kwenye kitu cha kuongeza. Kwanza unairudishia injini kile ilichonyang'anywa na uzee na uvivu wa mafundi, na hapo mafundi nasema pamoja na mimi.

Tukaanza na nozeli, vile vichwa vidogo vinavyopulizia dizeli ndani ya silinda. Badala ya kupuliza kama ukungu zilikuwa zinadondosha kama bomba bovu la jikoni, na ndiyo sababu ya ule moshi. Tukasafisha zilizofaa, mbili tukabadilisha. Nikapima vali, nikazirekebisha. Chujio la hewa lilikuwa dogo na limeshiba vumbi, tukatafuta kubwa kutoka kwenye basi lililokufa, nikalitengenezea mabano ya chuma chakavu. Bomba la moshi lilikuwa limebonyea mahali mzee alipopanda jiwe zamani. Tukaweka lililonyooka na pana zaidi, na siku ile gari lilipata sauti nzito, mzee akalizunguka akitabasamu peke yake. Kisha nikafungua pampu ya dizeli kidogo, iwe inatoa zaidi ya mwanzo.

Mjini gari lilipanda kilima cha Themi na shehena ya ndizi likiwa safi, moshi hauonekani. Nikajisifu. Mzee akaenda nalo kwake, kesho yake akapiga simu.

"Fundi, jiko limewaka tena."

Nilikuwa nimesahau mlima. Kule kwake hewa ni nyepesi, na dizeli niliyoipimia Ngarenaro ilikuwa nyingi kwa pumzi ya kule juu. Ikabidi nipande na spana zangu, nilale chini ya lile kenta uani kwake, kuku wananizunguka, nikirudisha ile skrubu ya pampu kidogo kidogo mpaka moshi ukakata. Mama alipita na ndoo, akatazama miguu yangu iliyotokeza chini ya gari.

"Fundi, hilo gari likikuangukia sitalia," akasema. Lakini baadaye alinitolea mkeka, akautandika mwenyewe.

Klachi ndiyo kitu pekee tulichonunua kipya. Difu, kile kiungo kinachozungusha tairi za nyuma, tulilipata kwenye chuma chakavu, la gari lililokuwa likibeba kokoto, lenye meno ya kwenda polepole. Nilimweleza mzee kwamba ukifunga hilo, gari linapoteza mbio ila linapata nguvu ya kuvuta.

"Mbio za nini?" akasema. "Sina ninapowahi." Akacheka, halafu kicheko kikakatika, akaenda kusimama upande wa pili wa gari.

Sikuelewa mpaka tulipofika kwenye uzito. Kwa hesabu yangu, kila kilo tutakayoitoa kwenye gari ni kilo ya nguvu inayokwenda kwenye gogo. Nikafungua vyuma vya turubai, nikatoa tairi la akiba, nikatoa sanduku la chuma la nyuma. Kisha nikashusha jeki na dumu kutoka kiti cha abiria, nikaanza kulegeza nati za kiti.

"Hicho acha," mzee akasema.

"Mzee, hakikaliwi na mtu. Ni chuma kitupu na springi."

"Nimesema acha."

Hakuwahi kunipandishia sauti. Nikainuka. Akakaa kwenye ngazi ya mlango, akavua kofia, na ndipo akaniambia.

Mama mkwe wake alipofariki, upande wa pili wa mlima, walitoka kwenda kuzika, wawili tu, ndani ya kenta hilo. Likawazimikia kwenye kilima. Alimwambia mkewe asubiri, analiwasha sasa hivi. Akashuka, akafungua boneti, akarudi, akasema hivyo tena, na tena. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa za wenye nazo, na njia ile haikuwa na bodaboda. Mwishowe mkewe alifungua mlango, akashuka, akaanza kutembea na viatu vya msibani. Alifika wameshafukia.

"Hajanilaumu hata siku moja," mzee akasema. "Ila hajapanda tena. Sokoni anakwenda kwa miguu, kanisani kwa miguu. Kiti ni chake. Naweka jeki pale asije akakaa mtu mwingine."

Nilikuwa nimeshika spana. Nikainama, nikazikaza zile nati, nikaendelea kuzikaza hata baada ya kukaza. Nilijisikia vibaya kwa miaka yote niliyonuna juu ya ndizi. Na nikaona wazi sasa: kwa mzee, kuuza kenta ilikuwa ni kukubali kwamba mkewe hatapanda tena, basi.

Kuanzia siku hiyo sikufanya kazi ile kama kazi ya mteja. Kila siku ya soko, kabla ndizi hazijashushwa, nilifunga mnyororo kwenye lori bovu lililokufa uani kwangu na kumwambia mzee alivute. Alilivuta kutoka ukutani mpaka getini, kwa gia namba moja, bila kishindo, injini inanguruma kwa raha. Mimi gari la mzigo silijaribu tupu, baba alinifundisha hivyo. Hata yule jirani wa turbo alikuja kuangalia, akatoa mikono mfukoni, akasaidia kufungua mnyororo.

Jumapili ya mavuno nilifunga gereji, nikavaa kanzu na kofia, nikapanda mlimani mapema. Kule mbuzi wa sherehe huchinjwa na Mwislamu ili kila mgeni ale bila wasiwasi, na mwaka ule mama alikuwa amesema mchinjaji awe fundi. Nikachinja. Ibada ilipoanza nilikaa nje kwenye kivuli cha mibuni, na mzee mmoja wa kanisa akanitania kwamba niingie tu ndani, hawaumi. Huyo ndiye aliyekuwa na filimbi ya mchezo.

Kabla ya ibada malori yote yalikuwa yameshushwa mizigo mlangoni pa kanisa. Ndivyo desturi yao ilivyo: mavuno yanatolewa kwanza, na hakuna gari linaloingia kwenye mchezo na sadaka mgongoni. Mimi mwenyewe nilimsaidia mzee kushusha mikungu, nikiipanga vizuri, nikiisifia ukubwa wake. Haikunipitia kichwani hata kidogo kwamba tunashusha kitu tutakachokihitaji, na mzee vilevile. Miaka yote injini ilikuwa inazima kabla tairi hazijapata kazi, kwa hiyo hakuna aliyejua tairi zile zingefanya nini.

Jioni uwanja ulijaa. Malori matatu yalivuta, mawili yakafika. Ikawa zamu ya kenta, na vijana wakaanza kuita Jiko la Kuni, wakishika simu zao tayari kurekodi moshi. Mzee akaingia, akakaa wima. Filimbi ikalia. Akaachia klachi kwa ulaini niliomzoea nao, na moshi haukutoka. Vijana wakashusha simu. Gogo likatikisika, likaanza kuja, na mimi nikashika kichwa kwa furaha.

Lilipofika pale uwanja unapoinuka, tairi za nyuma zikaanza kuzunguka bure. Injini ilikuwa na nguvu tele. Nyasi zikachanika, udongo ukaruka, gari likabaki palepale likichimba mashimo mawili. Mzee akatoa mguu. Kicheko kikaja, si kikubwa, ila nilikisikia chote.

Nikakimbia. Wakarudisha gogo na gari chini, na mimi nikaanza kutoa upepo kwenye tairi za nyuma ili zikanyage vizuri. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yangu, kwa sababu nilikuwa nimeelewa. Gari nililolitengeneza likiwa na ndizi nimelileta likiwa tupu, na hata kile chuma kidogo kilichokuwa nyuma nimekitoa kwa mikono yangu.

"Mzee," nikamwambia kwenye dirisha, "gari ni jepesi. Linataka mzigo. Upepo peke yake hautatosha."

Alitazama ndizi zetu kule mlangoni. Zilikuwa za kanisa sasa, na mnada ulishaanza. Mwenye filimbi alikuwa anatuharakisha. Mzee akaniangalia, akatabasamu kwa meno tu.

"Umejitahidi, fundi," akasema. "Acha tumalize."

Mama alikuwa amesimama pembeni na wanawake wenzake wa umoja wa kanisa, wote wamevaa kitenge kimoja cha kijani. Alikuwa karibu vya kutosha kutusikia. Nilimwona anavua viatu. Akavipanga vizuri kwenye nyasi, akaja mpaka nyuma ya kenta, akakanyaga tairi, akashika ubao wa bodi, na kabla sijaelewa anafanya nini alikuwa ameshapanda, amesimama juu kabisa ya tairi za nyuma. Akawageukia wenzake, akasema maneno machache ya Kimeru. Wakaja wote, wakicheka, wakisukumana, wengine wakinipa mikoba niwashikie, mpaka bodi likajaa kijani.

Yule mzee wa kanisa akasogea na filimbi yake. "Mama, hii imekaaje?"

"Kuna mahali mlisema gari lazima liwe tupu?"

"Hatukusema."

"Basi puliza."

Akapuliza. Ndani, mzee alikuwa anatazama kioo cha pembeni, na hakuondoa macho hapo hata alipokuwa anaingiza gia. Klachi ikaachiwa. Gogo likaja. Lilipofika kwenye yale mashimo kenta lilizama kidogo, springi zikalia, tairi zikauma udongo, zikashika. Wanawake wakaanza wimbo wa mavuno, wakishikana mabega, na kenta likapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea na mzigo kichwani, bila moshi, bila haraka, mpaka gogo likagusa chokaa, likaipita.

Sikumbuki vizuri nilichofanya. Mke wangu aliona video kwenye simu ya mtu, anasema nilikuwa naruka na mikoba ya wanawake shingoni, na mpaka leo ananiita Katibu wa Umoja.

Kelele zilipopungua nilimkuta mama anatafuta viatu vyake. Nikamsogezea.

"Mama, si ulitaka liuzwe?"

Akavaa kiatu kimoja.

"Nilitaka liuzwe," akasema. "Sikutaka achekwe."

Akavaa cha pili, akaenda. Nilidhani anarudi kwa wenzake. Lakini alilizunguka kenta mpaka mlango wa kushoto, akaufungua. Akachukua jeki, akanipa. Akachukua dumu, akanipa. Akapangusa kiti kwa ncha ya kitenge, akapanda, akakaa, akajisogeza, akakunja uso.

"Fundi, kiti hiki kina springi inachoma. Utakitengeneza."

Nikasema ndiyo mama, nikaipakia jeki nyuma. Mzee alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Akawasha. Akaachia klachi, gari likaruka mara moja, likazima. Tangu nikiwa mtoto mbele ya gereji ya baba sikuwahi kumwona mtu yule akikosea klachi.

"Washa tena," mama akasema. "Leo sishuki."